Mfundishe Mtoto wa Mbwa Kujisaidia Nje

Somo letu leo ni la mbwa. Siyo yule mkubwa anayelinda zizi, bali mtoto wa mbwa, yule uliyepewa na jirani juzi akiwa na miezi 2 tu. Mchana anacheza na watoto. Usiku mnamwingiza ndani, maana nje kuna fisi na baridi. Asubuhi mnakuta mkojo karibu na mkeka, na kinyesi nyuma ya mtungi wa maji. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba anachukua fimbo. Mama anasema mbwa huyu arudishwe alikotoka.

Fimbo haitamfundisha. Mtoto wa mbwa haelewi kosa lililokwisha kupita. Ukimchapa asubuhi kwa mkojo wa usiku, anajifunza jambo moja tu, kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa. Kumsugua pua kwenye mkojo ni vilevile. Kesho atakojoa tena, ila safari hii atajificha chini ya kitanda au nyuma ya magunia ya mahindi. Kumbe umemfundisha kujificha!

Kinyesi kina nini?

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo. Minyoo hiyo huwapata kutoka kwa mama yao wakiwa bado tumboni. Mayai yake ni madogo sana, hatuyaoni kwa macho. Yanatoka na kinyesi, yanakaa katika udongo, na baada ya wiki mbili tatu yanakuwa tayari kumwambukiza mtu. Yanaweza kukaa hapo kwa miaka. Mtoto wako anayetambaa anashika udongo ule, kisha anatia mkono mdomoni. Minyoo michanga husafiri mwilini mwake mpaka kwenye ini, kwenye mapafu, na mara nyingine kwenye jicho. Jicho likiingiwa linaweza kupofuka.

Sasa angalia vizuri. Mayai ya minyoo hii yakitoka leo, bado hayajaiva. Ukiondoa kinyesi leo hii, umekata njia ya ugonjwa. Ukikiacha mpaka mwezi ujao, umechelewa. Hata hivyo nawa mikono kwa sabuni kila unapokiondoa, kwa sababu mbwa ana minyoo mingine pia, kama tegu, ambayo mayai yake huambukiza siku ileile.

Saa za haja

Mtoto wa mbwa hafichi saa zake. Akiamka, anataka kukojoa. Akimaliza kula, baada ya dakika chache anataka haja kubwa. Akicheza sana, anakojoa tena. Ukimwona anazunguka na kunusa chini, usingoje. Mbebe mtoke nje upesi.

Mpeleke mahali palepale kila mara. Chagua pembe moja ya uwanja, mbali na jiko, mbali na kisima, mbali na bustani ya mchicha. Mwache anuse. Mbwa anasoma kwa pua kama wewe unavyosoma gazeti kwa macho, na harufu ya jana inamwambia kwamba hapa ndipo. Akimaliza, msifu palepale kwa sauti nzuri, mpe kipande kidogo cha ugali au dagaa mmoja. Usingoje mpaka mrudi ndani, atadhani anasifiwa kwa kuingia mlangoni.

Mlishe kwa saa maalumu, mara 3 kwa siku. Anayekula ovyo anajisaidia ovyo. Lakini usimnyime maji.

Usiku je?

Wafugaji wana hesabu rahisi. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1. Hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa amelala, tena kwa shida. Mwenye miezi 2 anaweza saa 3. Basi mkilala saa 3 usiku, atataka kutoka saa 6, tena saa 9, tena saa 12 asubuhi. Mkulima aliyeshinda na jembe hawezi kuamka hivyo kila usiku, na penye fisi haifai kutoka.

Kwa hiyo mtengenezee mahali ndani. Mjini madukani wanauza vitambaa maalumu vinavyonyonya mkojo. Kijijini watu hutandika gunia kuukuu au magazeti ya zamani. (Gazeti hili pia linafaa, lakini lisomwe kwanza!) Mimi gunia silipendi. Mbwa hukumbuka kitu alichokanyaga wakati wa haja. Akizoea kukojoa juu ya gunia, siku mtakapoanika mtama juu ya gunia atakojoa humo. Afadhali karai kuukuu au sanduku fupi, ulijaze udongo mkavu kutoka pembe ile ya nje. Miguu yake itazoea udongo, na nje anakokwenda ni udongo.

Weka karai mbali na chakula chake na mahali anapolala. Mbwa hapendi kuchafua kitanda chake. Kila asubuhi toa udongo uliochafuka, acha kidogo wenye harufu, ongeza mkavu. Baada ya siku chache lisogeze karai hatua moja kuelekea mlangoni. Ukilisogeza kwa haraka atarudi mahali pa zamani. Likifika mlangoni litoe nje kabisa, kwenye pembe yake. Wengi huelewa baada ya wiki kadhaa, ila usimwamini kabisa mpaka afike miezi 5 au 6.

Nyumba nyingine haziingizi mbwa ndani, kwa sababu ya dini au desturi. Hao wamjengee kibanda imara chenye mlango, na karai likae upande mmoja wa kibanda. Mafunzo ni yaleyale.

Akikosea

Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja ili ashtuke, kisha mpeleke nje amalizie huko. Ukikuta amekwisha maliza, safisha tu, nyamaza. Sakafu ya udongo, kwangua sehemu iliyolowa, tupa, jaza udongo mpya, kandika. Sakafu ya saruji, mwaga majivu makavu yanyonye, zoa, kisha sugua kwa sabuni na maji. Harufu ikibaki, atarudi hapo. Kinyesi kitupwe chooni au kifukiwe chini sana. Kisitiwe katika mbolea ya mboga.

Muone pia bwana mifugo. Dawa ya minyoo hutolewa mapema, tangu mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2, na hurudiwa. Akifika miezi 3 apigwe sindano ya kichaa cha mbwa, halafu kila mwaka.

Zoezi

1. Mtoto wa mbwa ana miezi 3. Mmelala saa 4 usiku. Ni saa ngapi atataka kutoka mara ya kwanza?

2. Jadilianeni nyumbani: ni nani atamtoa nje asubuhi, nani atabadilisha udongo wa karai, na pembe gani ya uwanja watoto hawachezi?