Kwa Sababu Gani Watu Hudharauliana kwa Rangi na Asili

Katika maradhi yaliyokaa kitako katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu hata Kilwa na visiwa vilivyo mbele yake, hapana yaliyo magumu kuondoka kama haya ya mtu kumdharau mwenziwe kwa rangi ya ngozi yake au kwa asili ya babu yake. Kila mtu huyakana kwa ulimi. Ukimuuliza mtu msikitini atakwambia kuwa sisi sote ni wana wa Adamu. Kisha ikija posa nyumbani kwake, swali lake la kwanza si dini ya mposaji wala kazi yake, bali ni hili: "Huyu ni nani kwao?" Neno hilo dogo ndilo tutakalolizungumza hapa.

Wako wasemao kuwa kudharauliana huku ni tabia aliyoumbwa nayo mwanadamu, haina dawa. Na wako wasemao kuwa Wazungu ndio waliotuletea, na kabla yao sote tulikuwa ndugu. Neno la kwanza ni la mvivu, na la pili ni la mtu anayetaka kutoka mashakani upesi.

Lau ingekuwa tabia ya kuumbwa, ingekuwa moja kila pahali. Nasi twaona sivyo. Katika karne ya 19 mtoto aliyezaliwa Unguja na bwana wa Kiarabu na suria wake wa Kiafrika alikuwa huru, akarithi kwa baba yake, akaitwa Mwarabu hata akiwa mweusi kama mkaa. Wana wa Sayyid Said bin Sultan waliotawala Unguja baada yake wote walikuwa wana wa masuria. Wakati ule ule, huko Marekani ya kusini, mtoto wa bwana na mtumwa wake alikuwa mtumwa kama mama yake, hata akiwa mweupe. Maana katika nchi ya Virginia walikwisha kuweka sheria tangu mwaka wa 1662 kuwa mtoto hufuata hali ya mama. Ngozi ni ile ile na damu ni ile ile, lakini hapa ni mwana wa ezi na kule ni mali ya kuuzwa. Basi ni dhahiri kuwa si jicho linalombagua mtu. Jicho huona rangi tu. Hukumu ya ile rangi hutoka kwingine.

Hutoka wapi? Khasa hutoka katika maslaha. Mtu hakuanza kumdharau mwenziwe kisha akamfanya mtumwa. Alimfanya mtumwa kwa kuwa alitaka kazi yake bila ya ujira, kisha akatafuta neno la kuituliza roho yake. Na neno halikukosekana. Ikasemwa kuwa weusi ni wana wa Ham waliolaaniwa, na utumwa ni fungu lao. Wanazuoni wetu wenyewe waliikanusha khabari hiyo zamani sana. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka wa 1406, aliandika kuwa rangi nyeusi ni athari ya joto la nchi wala si ya laana. Ingawa yeye naye, na tuseme kweli, hakusalimika na kuwasema weusi vibaya pahali pengine. Na Ahmad Baba wa Timbuktu, mtu wa Afrika na faqihi mkubwa, alipoulizwa mwaka wa 1615 juu ya biashara ya watumwa, alijibu kuwa khabari ya Ham si hoja ya kumtia mtu utumwani. Lakini biashara haikusimama. Hoja ilivunjwa na faida ikabaki, na faida ikizaa hoja nyingine.

Sasa turudi kwetu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, yalilimwa kwa mikono ya watu waliotolewa bara. Kadiri mashamba yalivyozidi, ndivyo dharau ilivyozidi kupata majina: mjinga, mshenzi, mzalia, hadimu, kila jina na daraja yake. Hata maneno ya sifa yaligeuka. Zamani mji ulijisifu kwa uungwana, yaani mtu kuwa na kwao, adabu yake na nyumba yake ya mawe. Katika karne ile ya 19 likaja juu neno ustaarabu, ambalo asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Leo twalitumia kwa kila jambo jema wala hatukumbuki lilikotoka. Hatusemi liachwe, lakini mtu na ajue kuwa mizani ya rangi imeingia hata katika neno asemalo akimsifu mtoto wake kwa kunawa mikono.

Mwaka wa 1897 hukumu ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba, na mwaka wa 1907 ikaondolewa katika pwani ya Kenya. Hapa ndipo penye swali lenyewe. Sababu ikiondoka, kwa nini dharau isiondoke?

Jawabu ya kwanza ni kuwa sababu haikuondoka, ilibadili nguo. Katika sheria ile ya Unguja bwana ndiye aliyelipwa fidia kwa mtumwa aliyekwenda kudai uhuru wake, na yule mtumwa aliyefanya kazi umri wake wote hakulipwa kitu. Ardhi ilibaki kwa aliyekuwa nayo. Kisha upande wa Kenya ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908: kila mwenye kudai ardhi ya pwani aje na ushahidi wake aandikiwe hati. Waliojua mlango wa kuingilia, wenye wakili na mwenye kuandika, walikwenda. Wanyika wengi, na wazao wa watumwa waliokuwa wakilima pale pale walipolima wazee wao, hawakupata kitu, na isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wako watu hata leo katika mashamba ya Kilifi na Malindi wanaoitwa maskwota katika pahali alipozikwa babu wa babu yao. Basi mwenye hati anahitaji kuamini kuwa yule hana asili, kwa kuwa akikubali kuwa ana asili itamlazimu kuuliza juu ya ile hati. Ndugu msomaji, usitafute mzizi wa dharau moyoni tu. Tafuta pia katika sanduku la makaratasi.

Jawabu ya pili ni daftari. Serikali ya Kiingereza haikuanzisha nasaba, lakini iliikuta iko katika vinywa vya watu, inakwenda na kurudi, nayo ikaifunga katika wino. Mtu wa zamani aliweza kuwa Mswahili sokoni, Mshirazi arusini, na mtu wa Mvita mbele ya mgeni. Daftari halitaki hayo. Lataka neno moja. Na neno hilo likafungiwa mambo: kodi gani utoe, mahakama gani uende, kura unayo au huna. Kenya sheria za kodi zilipowatenga "wenyeji" na "wasio wenyeji," Waarabu wakawekwa upande huu na Thenashara Taifa wa Mombasa upande ule, ilhali wamechangia misikiti na makaburi na wamekuwa wajomba na wapwa karne kadha. Kura ya Waarabu ilipotolewa katika miaka ya 1920, Thenashara Taifa hawakuhesabiwa. Wakaunda chama na kuandika barua nyingi kuonyesha kuwa wao nao wametoka Asia. Hatuwalaumu kwa kuikimbia khasara, lakini tazama mtego ulivyo: hapakuwa na njia ya kudai haki ila kwa kusema "mimi si kama yule." Serikali haikuwa na haja ya kuhubiri ubaguzi. Iliweka mlango mwembamba, na watu wakasukumana wenyewe.

Hesabu za watu za Unguja zaonyesha jambo hili waziwazi. Katika hesabu ya mwaka wa 1924 walioandikwa Waswahili walikuwa zaidi ya 33,000. Katika hesabu ya mwaka wa 1931 walikuwa kiasi cha 2,000 tu. Hakukuwa na tauni iliyowaua, wala majahazi yaliyowachukua. Katika miaka hiyo hiyo saba Waarabu walitoka karibu 19,000 wakafika zaidi ya 33,000, na si kwa kuzaa wala kwa kusafiri peke yake. Watu walikuwa wamejua jina gani linalipa na jina gani linatoza. Na "Mswahili" lilikuwa limekwisha kuwa jina la mtu asiye na kwao. Kisha vikaja vita vya 1939 hata 1945, na chakula kikagawanywa Unguja kwa kufuata kabila: huyu mchele, yule unga wa mahindi. Fikiri mama wa watoto sita, chungu chake ki jikoni, na tofauti baina ya wali na sima ni neno moja katika kadi. Baada ya hapo utamwambia nini mtoto wake kuwa rangi si kitu?

Hapa yatupasa kusema neno zito. Dharau haikai na aliyeianza. Wale waliodharauliwa waliyachukua majina yale yale na mizani ile ile, wakaipindua tu. Katika miaka ya 1950 magazeti ya vyama vya Unguja yalitukanana kwa asili kila wiki, na kila upande una wasomi wake. Mwezi wa Juni 1961, siku za uchaguzi, wakauawa watu 68, wengi wao Waarabu. Januari 1964 wakauawa maelfu, na miongoni mwao wenye duka dogo na wenye mbuzi wawili, ambao hawakupata kumiliki mtumwa wala karafuu. Aliyekuja na panga hakuuliza mali, aliuliza asili. Yaani ni swali lile lile la siku ya posa.

Na waliookoka wakaenda zao. Wengi walikwenda Oman, khasa baada ya mwaka wa 1970 Sultan Qaboos alipowaita wenye asili ya huko warudi. Walifika na Kiswahili chao na biriani lao, na wenyeji wakawaita Zinjibari. Mtu aliyekuwa Mwarabu mno kuishi Unguja akawa Mwafrika mno kule Maskati. Jambo hili lingechekesha lau si machungu yake. Wala wao wenyewe, baadhi yao, hawakuacha kupangana kule kule kwa mama wa nani alikuwa nani.

Jawabu ya tatu ndiyo inayotuuma sisi khasa, nayo ni kuwa tumeivika dharau kanzu ya dini. Yajulikana kuwa Mtume alimkemea sahaba mkubwa Abu Dharr alipomtusi mtu kwa mama yake, akamwambia kuwa ndani yake mngali na ujahili. Yajulikana kuwa alimshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zayd, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, naye akaolewa. Haya husomwa kila mwaka katika darasa. Lakini mwaka wa 1905, kulipozuka Singapore khabari ya sharifa kuolewa na Mhindi asiye sharifu, mwanachuoni wa Kihadhrami Sayyid Umar al-Attas alikataza, na Rashid Rida katika gazeti lake la al-Manar la Misri akajuzisha, na watu wakagombana bahari nzima. Sheikh Ahmad Surkati, mtu wa Sudan aliyekwenda kusomesha Java, alipojuzisha naye, alitengana na masayyid waliomwajiri, na mwaka wa 1914 ikaundwa al-Irshad, na Wahadhrami wa Java wakagawanyika mapande mawili. Tazama ni jambo gani lililowagawa: si sala wala zaka.

Kwa upande wa pili tunaye Habib Saleh wa Lamu, sharifu aliyetoka Ngazija na kufa mwaka wa 1935. Yeye alikaa Langoni, si pamoja na wenye majumba ya mawe, akawasomesha wazao wa watumwa na wageni wasio na jina, na katika msikiti wake wa Riyadha wakapiga matari ya maulidi pamoja naye. Wakubwa wa mji walichukia sana. Leo wajukuu wa waliochukia hupanda jahazi kwenda kuzuru siku ya maulidi yake.

Na juu ya hizo asili zenyewe tunazoziringia, mwezi wa Machi 2023 wataalamu walitoa khabari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wakaona kuwa kwa wengi zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, imekuja khasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, khasa ya Uajemi, kwa upande wa baba. Na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka wa 1000. Kwa hivyo Mshirazi hakusema uwongo aliposema babu yake ametoka ng'ambo. Alinyamaza tu juu ya bibi yake.

Yabaki suala la kafaa, kwa kuwa ndilo litakaloulizwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitaja nasaba katika kafaa, nasi hatulifichi hilo. Lakini wamesema pia kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake; wakiridhika wao, ndoa ni sahihi, na jirani hana la kusema, wala ami wa mbali aliyekasirika kwa ajili ya jina la ukoo. Wamaliki wameitazama dini kuliko nasaba. Na walii amzuiaye binti yake aliye baleghe asiolewe na kufu wake aliyemridhia, wilaya humtoka ikaenda kwa hakimu. Mwenye jambo kama hilo nyumbani kwake na aende kwa Kadhi kabla binti hajazeeka.