Jumla ya Tarakimu za Namba Tasa

Swali: Je, jumla ya tarakimu inaweza kuonyesha kama namba ni tasa?

Jibu: Inaweza kukataa tu, haithibitishi. Namba 10, 100 na 1,000 zikigawanywa kwa 3 huacha baki 1. Kwa hiyo namba yoyote na jumla ya tarakimu zake huacha baki lile lile. Tarakimu za 4,017 zina jumla ya 12, inayogawanyika kwa 3, basi namba hiyo pia inagawanyika kwa 3 na si tasa. Ni 3 yenyewe tu inayosalimika. Kinyume chake hakina nguvu: 23 na 41, zenye jumla ya 5, ni tasa, lakini 203, yenye jumla hiyo hiyo, ni 7 mara 29. Mwaka 2010 Wafaransa Christian Mauduit na Joël Rivat walichapisha uthibitisho kwamba, kadiri namba tasa zinavyoendelea, zenye jumla shufwa na zenye jumla witiri hukaribia kuwa nusu kwa nusu.