Kufundisha Matengenezo ya Chuma: Gundi au Kusubu?

Makala haya yamekusudiwa walimu wanafunzi watakaofundisha Sayansi na stadi za kazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Tumechagua mada iliyo karibu na watoto wa Njombe na Makambako: kifaa cha chuma kilichopasuka. Makambako ni njia panda ya barabara za Dar es Salaam, Mbeya na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Mji wa namna hiyo haukosi mafundi. Mtoto aweza kumwona fundi akiziba ufa wa pampu ya maji kwa gundi ya chuma, badala ya kutafuta kipande kipya kilichosubiwa.

Shabaha
Mwanafunzi aeleze tofauti ya njia hizo mbili, na aamue ni ipi ifaayo.

Maelezo kwa mwalimu
Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na chuma safi kwenye nyuzi 1538. Kwa hiyo hutakiwa tanuri, makaa na fundi mzoefu. Gundi ya chuma haihitaji tanuri. Ni epoksi iliyotiwa unga wa metali, nayo huchanganywa na kigumishi. Viwili hivyo vikikutana huungana kikemia, hutoa joto, kisha huwa vigumu.

Hatua
1. Sugua vipande viwili vya chuma kwa msasa hadi ving'ae, ufute mafuta na vumbi. Gundi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja nayo.
2. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, usikisie. Vaa glavu, fungua madirisha, na wanafunzi watazame bila kugusa.
3. Paka vipande vyote viwili. Weka kimoja juani, kingine kivulini. Kila baada ya nusu saa vikwaruze kwa msumari, nao waandike waonayo.

Wataona kwamba cha kivulini huchelewa kukauka. Jambo hili lina uzito Njombe, ambako Juni na Julai ni miezi ya baridi kali: pampu ikirudishwa kazini mapema, ufa hufunguka tena.

Mjadala
Taja pampu ya maji, sufuria, bomba la moshi la gari, na puli ya mashine ya kusaga. Uliza: kitapata moto? Kitapigwa? Kitazunguka kwa kasi? Epoksi ya kawaida hulegea katika joto kali, basi haifai sufuria wala bomba la moshi. Puli iliyogandishwa yaweza kupasuka ikizunguka na kumjeruhi msagaji, hiyo ibadilishwe. Ufa mdogo wa pampu ya maji baridi wazibika.

Mtoto asiondoke akidhani gundi imeifuta kazi ya kalibu. Aondoke na desturi ya kuuliza kazi ya kifaa kabla ya kuchagua dawa yake.

Zoezi
Tembelea gereji moja. Orodhesha vifaa vitatu vilivyopasuka, na ueleze kwa kila kimoja kama utatumia gundi au la, na kwa nini.