Wakichimba Mtaani: Vidokezo 10 vya Kuishi na Bomba Jipya la Maji Taka

Kama unakaa Lubao, pengine unajiuliza habari za laini ya maji taka zinakuhusu nini. Hapa sokoni wengi wetu tuna choo cha shimo nyuma ya duka, ama tangi ambalo likijaa tunaita lori la kunyonya, tunafunga madirisha na kungoja yaishe. Sawa kabisa. Lakini mtoto amepanga chumba mjini Kakamega, shangazi ana saluni kule, na wewe mwenyewe unafikiria kuinua vyumba vinne vya kupangisha kando ya barabara ya Webuye. Mabomba ya mjini yakizeeka hubadilishwa, na mji ukipanuka, laini hufuata barabara. Siku tingatinga litakaposimama mbele ya mlango wako, au wa shangazi, utashukuru ulisoma haya ukinywa chai. Twende!

1. Uliza kabla rangi haijakauka

Kila Mkenya anaijua ile X nyekundu ukutani. Habari njema ni kwamba X haiji kabla ya wapimaji. Ukiona watu wenye fulana za kung'aa wakipigilia vigingi, toka nje na maswali matatu: bomba litapita wapi, mtaro utakuwa na upana gani, na mtaanza lini? Barabara kuu inayopita Lubao kuelekea Webuye iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa hiyo kibanda kilicho ndani ya hifadhi ya barabara kianze kutafutiwa makao mapema. Kama bomba litapita ndani ya ploti yako yenye hati, usitie sahihi popote kabla ya kuona ramani na kusoma kuhusu fidia kwa maandishi. "Tutaelewana tu, mzee" si maandishi. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya maji na usafi, na ikataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo baraza likiitwa, nenda. Nenda hata kama hakuna soda.

2. Piga picha, halafu piga nyingine

Ukuta, veranda, geti, sakafu ya duka, ule ufa wa zamani karibu na dirisha: zote zipige picha kabla ya mtaro kufunguliwa, kisha zitume kwa ndugu yako kwenye WhatsApp ili zikae na tarehe yake. Mashine ikitikisa ardhi na ukuta upasuke, hutakuwa na haja ya kuapa mbele ya mtu yeyote. Dakika kumi tu, na kazi imeisha.

3. Kagua shimo kabla ya kumlaumu jirani

Mabomba ya zamani yana sababu zake za kuchoka. Yale ya udongo wa kuchomwa yaliunganishwa vipande vifupi vifupi, na kila kiungo ni mlango wa mizizi. Mikaratusi tunayoipenda sana huku kwetu hunusa maji kutoka mbali, na unywele mmoja wa mzizi ukishapenya, baada ya miaka michache bomba lina ndevu. Yale ya zege huliwa kutoka juu: gesi inayotoka kwenye uchafu hupanda hadi kwenye paa la bomba, vijidudu huigeuza kuwa asidi, na zege inamomonyoka taratibu huku barabara ikionekana nzima. Ukikumbuka kwamba mtambo wa Kisat kule Kisumu ulijengwa 1958 na ule wa Kariobangi, Nairobi, 1961, unaelewa kwa nini mabomba ya rika hilo yanadai kustaafu.

Sasa, mbinu ya haraka. Choo kikikataa kushuka, fungua mfuniko wa shimo la ukaguzi, lile lililo uani karibu na nyumba. Likiwa limejaa, kizibo kiko mbele, kuelekea barabarani. Likiwa tupu, kizibo ni chako, kati ya choo na hilo shimo. Halafu uliza majirani wawili. Wote wakilia kama wewe, hilo ni bomba kuu, na hapo ndipo unapopigia kampuni ya maji. Kwa mji wa Kakamega ni KACUWASCO. Ukilia peke yako, mpigie fundi.

4. Jua mpaka wako, kisha pima mteremko mwenyewe

Hiki ndicho kidokezo nitakachopigia debe kuliko vyote, maana hapa ndipo pesa za watu huzikwa ardhini kihalisi. Bomba kuu la barabarani ni la kampuni. Kipande kutoka nyumbani kwako hadi pale kinapoungana nalo, kwa kawaida ni chako au cha mwenye ploti. Bomba kuu linaweza kuwekwa jipya linang'aa, na choo chako kikaendelea kugoma kwa sababu kile kipande chako kifupi kilitandazwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda mazishini.

Maji taka hayasukumwi na chochote ila mteremko. Kipimo rahisi kwa paipu ya inchi 4: kila mita 2, ishuke sentimita 5. Kwa hiyo kama kutoka chooni hadi barabarani ni mita 20, mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 50 hivi. Bomba kuu likiwa juu kuliko hapo, afadhali ujue leo kuliko baada ya kumwaga zege.

Huna mashine ya kupimia? Huihitaji. Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule mwembamba wa dukani. Ujaze maji, hakikisha hakuna mapovu, kisha wewe shika ncha moja chooni na kijana ashike nyingine barabarani. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja, hata kama kuna mgomba na kibanda cha kuku katikati. Kila mmoja apime kutoka kwenye maji hadi chini ya mtaro wake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndio mteremko wako. Mafundi wa zamani wamejenga nyumba za ghorofa kwa mpira huo, na ukimwona fundi wako ana "jicho" tu la kukadiria, mnunulie mpira.

Jambo jingine: kabla ya kufukia, mwambie amwage ndoo mbili za maji upande wa juu, nawe usimame upande wa chini. Yakitoka yote kwa mkupuo, fukieni. Yakisitasita, bomba limebonyea tumbo mahali.

5. Usipoona mtaro, usidhani wamekula pesa

Si kila bomba hubadilishwa kwa kuchimba. Katika miji mingi duniani, mafundi huingiza soksi ndefu ya kitambaa iliyolowa gundi maalum ndani ya bomba la zamani, wakaipuliza ikabana kuta, wakaipasha joto ikawa ngumu. Tayari, bomba ndani ya bomba. Kazi ya kwanza ya aina hiyo ilifanywa London mwaka 1971. Njia nyingine ni kulivunja bomba la zamani likiwa palepale chini huku jipya likivutwa nyuma ya kichwa kinacholivunja. Utakachokiona wewe ni shimo moja huku, shimo moja kule, na vijana wanaotazama skrini ya kamera. Wanafanya kazi, amini usiamini.

6. Siku wanayofunga laini, choo nacho kipumzike

Kabla ya kutengeneza bomba lazima walifunge na walioshe kwa maji ya nguvu. Presha hiyo ikipita chini ya nyumba yako, hewa hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni chooni. Unasikia mbubujiko, kisha unapata zawadi usiyoiomba. Dawa ni rahisi: teremsha kifuniko cha choo, weka tambara zito lililolowa kwenye tundu la bafu, na usichungulie! Yale matundu ya sakafuni ambayo hayatumiki, mwagia kila moja kikombe cha maji. Chini yake kuna kona inayotakiwa kushika maji ili kuzuia harufu, na ikikauka nyumba nzima inanuka hata kama bomba ni jipya. Siku hiyo pia si ya kufua mablanketi.

7. Siku ya soko, dai vipande vifupi

Mtaro wa mita 200 ulioachwa wazi siku ya soko ni msiba kwa biashara. Wenye vibanda mjumuike, mteue msemaji mmoja, mwombe mkandarasi afungue kipande, alaze bomba, afukie, kisha asonge. Ombeni mbao imara za kuvukia, zenye mahali pa kushika, si ubao mmoja unaocheza. Na utepe wa kuzuia watu usisahaulike, hasa upande wa wauza mbwa. Lubao inajulikana kote Kenya kwa soko lake la mbwa, na mbwa aliyetoka mtaroni hauziki kwa bei ya asubuhi.

8. Mvua ya alasiri isiingie kwenye bomba

Kakamega hainyimwi mvua. Jua la asubuhi, mawingu saa nane, na ikifika saa tisa au kumi unakimbilia nguo kwenye kamba. Sasa mtu akiunganisha mfereji wa paa lake na bomba la maji taka, ile mvua yote inaingia mahali palipopimwa kwa ajili ya vyoo na masinki. Bomba linafurika, na mfuniko unaoinuliwa huwa ni wa jirani aliye bondeni. Maji ya paa yapeleke kwenye tangi, ambako yatakufaa, au kwenye mtaro wa mvua. Na shimo lako la ukaguzi liinue kidogo juu ya ardhi, sentimita 10 au 15, ili maji ya uani yasitiririkie ndani. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, unganisha bomba lako kati ya Desemba na Februari, wakati mitaro haijageuka kuwa mabwawa ya samaki.

9. Usishuke. Hata kidogo. Hata simu ikianguka

Hapa utani nauweka kando. Shimo la maji taka na tangi la choo hukusanya gesi, na mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, unainusa. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo unadhani imeisha wakati ndio kwanza imekuzunguka. Mara nyingi anayefariki si mmoja: wa kwanza anazimia, wa pili anaruka kumwokoa, wa tatu anamfuata. Mtu akianguka humo, usimfuate. Weka watu mbali, ita wazima moto na wafanyakazi wenye vifaa, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni mkiwa juu. Watoto waelezwe mapema, kabla mtaro haujafunguliwa, na mtu asiwashe kiberiti juu ya shimo ili "aone vizuri".

10. Wakiondoka, wewe bado una kazi ndogo

Udongo uliofukiwa hushuka mvua ikishapiga. Kagua mstari wa mtaro baada ya wiki chache, na ukiona umebonyea, ripoti wakati mkandarasi bado anadaiwa kazi yake. Choo cha shimo au tangi ulilokuwa ukitumia lisiachwe tupu chini ya zulia la majani: linyonywe, lijazwe mawe na udongo hadi juu, kabla ng'ombe wa mtu hajaligundua.

Angalia pia mifuniko ya barabarani. Ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Uharibifu wa mali ya umma ulikithiri kiasi kwamba Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Mkiulizwa maoni, ombeni ya zege.

Halafu jikoni. Mafuta ya mandazi yakishapoa huganda bombani, yakishikana na nepi, sodo na vitambaa yanakuwa jiwe. Mwaka 2017 kule Whitechapel, London, walikuta donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kwako ni rahisi kuzuia: mimina mafuta kwenye kopo lenye jivu, yakiganda tupa na taka. Chujio la waya kwenye sinki litanasa wali na manyoya ya kuku. Magunzi ya mahindi? Kwenye choo cha shimo yalivumiliwa. Bomba la inchi 4 halina uvumilivu huo.

Mwisho ni bili. Kampuni nyingi za maji nchini hukokotoa ada ya maji taka kutokana na maji uliyotumia, kwa viwango vinavyoidhinishwa na WASREB, msimamizi wa huduma za maji, kwa hiyo tangi la kuflashia choo linalovuja linakutoza mara mbili: maji yakiingia, na yakitoka. Usiku, kabla ya kulala, mimina kikombe cha strungi nzito ndani ya lile tangi la kuflashia, na asionekane mtu chooni kwa nusu saa. Rangi ya chai ikijitokeza kwenye bakuli, mpira wa ndani umeisha. Nunua mwingine kesho asubuhi.