Nguvu Hutoroka Wapi?

Mtu atiaye upepo tairi la baisikeli huona kwamba baada ya kupiga pampu kwa muda, pampu yenyewe hupata moto. Moto huo umetoka wapi, nasi hatukuwasha kiberiti? Umetoka katika nguvu za mkono wake: sehemu imesukuma upepo tairini, na sehemu imegeuka joto.

Katika mwaka 1798 mtaalamu mmoja, Count Rumford, alieleza jambo kama hilo. Huko Munich, Ujerumani, alikuwa akisimamia kazi ya kutoboa mizinga. Chuma cha kutobolea kilisuguana na mzinga hata maji yaliyouzunguka yakachemka, bila kuni wala makaa.

Basi tujue hivi: nguvu haifi, lakini kila ihamapo kutoka kitu kimoja hata kingine, sehemu yake hutoroka kwa njia ya joto. Joto likisha kutawanyika hewani, halikusanyiki tena. Hata katika motakaa ya petroli, karibu robo tu ya nguvu ya mafuta ndiyo ifikayo magurudumuni. Nyingi hutokea kwenye rejeta na bomba la moshi.

Jikoni hasara ni kubwa zaidi. Kwa mafiga matatu, katika kila kuni kumi, joto la kuni moja au mbili tu ndilo liingialo chunguni. Lililobaki hupasha mawe na hewa. Tufanyeje?

Kwanza, kausheni kuni, maana kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake yenyewe.

Pili, kingeni moto na upepo. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huzuia joto lisipite ubavuni upesi kama lipitavyo katika bati tupu.

Tatu, funikeni sufuria, na maji yakisha kuchemka, punguzeni moto. Maji yachemkayo katika sufuria ya kawaida hayazidi kupata moto hata mkiongeza kuni. Mtapata mvuke mwingi tu, na maharagwe hayataiva upesi zaidi.

Jaribuni nyumbani: pikeni maharagwe siku moja bila kifuniko, siku ya pili kwa kifuniko, mhesabu kuni. Kila kuni itakayobaki ni mzigo ambao mama hataubeba kesho.