SOMO: Jina Lifichwe, Hesabu Iwe Wazi

Masomo: Matayo 6:1-4, 2 Wakorinto 8:16-21



Yesu aliwakataza wanafunzi wake kutoa sadaka kwa kutafuta sifa za watu. Mapokeo ya Wayahudi yanasimulia kwamba katika Hekalu la Yerusalemu kulikuwa na chumba cha siri. Mwenye kitu aliweka humo kimya kimya, na maskini wa jamaa njema alisaidiwa kimya kimya. Mpaji hakujulikana, mpokeaji hakuaibishwa.

Sisi tulio Kajaga tunaelewa haja hiyo. Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, na Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, familia nyingi za Gatumba na Kajaga ziliacha nyumba zao. Wakati kama huo, aliyetoa unga leo aweza kuwa na njaa kesho. Jina lake likisomwa mbele ya watu, atafuatwa na wakopaji, pengine na wezi. Aliyepokea atashindwa kumtazama usoni. Na aliyetoa kidogo ataona haya, Jumapili ijayo asitoe kabisa.

Lakini tusifiche fedha. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakushika mchango peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kufuatana naye, ili asiwepo wa kulaumu.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu. Jumla itangazwe pamoja na matumizi yake, majina yasitangazwe.

2. Anayetuma kwa Lumicash au njia nyingine ya simu ajue kwamba namba yake hubaki katika simu ya mpokeaji. Basi amtumie mtunza hazina, si mhitaji mwenyewe. Naye mtunza hazina asimwonyeshe mtu ujumbe huo.

3. Orodha ya wanaosaidiwa ikae kwa mashemasi, isibandikwe mlangoni. Wala tusimpige picha mjane akipokea sabuni.

Mtu atauliza: Mbona Barnaba alitajwa (Matendo 4:36-37)? Ni kweli, alitajwa. Lakini soma sura inayofuata: Anania na Safira walitaka sifa kama ile bila kutoa kama yeye, wakasema uongo. Sifa ni mtego.

Maswali ya kujadili nyumbani:
– Je, ningetoa kiasi kile kile kama hakuna anayeniona?
– Ni jirani gani anayeogopa kuomba kwa sababu ya midomo yetu?

Mungu atupe mikono iliyofunguka na midomo iliyofungwa. Amina.