Maana ya "peran" katika Injili ya Marko

Swali: Je, neno la Kigiriki "peran" katika Marko 4:35 ni jina la mahali maalumu?

Jibu: La. "Peran" ni kielezi cha mahali chenye maana ya "ng'ambo", ambacho kikitanguliwa na kibainishi "to", yaani kineno kinachodhihirisha nomino, kama katika aya hiyo, hugeuka nomino yenye maana ya "upande wa pili". Kwa kuwa upande huo hutegemea aliposimama msemaji, kama vile Busisi ilivyo ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza kwa mtu wa Kigongo, na Kigongo kwa mtu wa Busisi, msomaji hana budi kutambua kwanza safari ilikoanzia: katika Marko 5:1 ng'ambo ni mashariki mwa Ziwa Galilaya, ilhali katika 5:21 ni magharibi.